Hadithi Iliyo Mkononi: Jinsi ya Kuchagua Gemu Yenye Masimulizi Mazuri

Mtu akiomba apendekezewe gemu yenye hadithi nzuri, kwa kawaida hupewa majina kumi kwa mkupuo. Hakuna anayemuuliza ana mashine gani, anachezea nyumbani au kwenye kibanda cha gemu, wala kama ana subira ya kusoma Kiingereza kingi kwenye skrini. Anaitafuta moja kati ya hizo kumi, anaicheza kwa saa moja, inamchosha, kisha anarudi kwenye gemu za mpira akiwa na hakika kwamba hadithi ya gemu ni filamu iliyokatwakatwa na kuchomekwa katikati ya risasi. Ninamwandikia mtu huyo hapa Uganda, awe Kampala, Bombo, Arua, Busia au Nakivale, kwa sababu naamini amekoseshwa kitu kizuri na jibu la haraka.

Mkanganyiko unaanzia kwenye swali lenyewe. Tukisema hadithi ya gemu tunachanganya mambo yasiyofanana. Kuna mkasa, yaani matukio ambayo rafiki anaweza kukusimulia mkiwa mnangoja teksi ijae. Kuna ulimwengu wenyewe: nyumba zilizohamwa, barua zilizoachwa mezani, mvua, nyimbo, watu wanaozungumza pembeni ukipita. Halafu kuna kile ambacho mikono yako inafanya tangu mwanzo hadi mwisho. Mkasa unaweza kuwa mzuri mno na gemu ikawa haina ladha, kwa sababu vidole vinafanya jambo moja na hadithi inasema jingine: muda wote unaua watu mia, kisha filamu inaingia ikimwonyesha mhusika wako akilia kwa kuua mmoja. Kipimo changu ni hicho cha mikono. Mnyang'anye mchezaji padi, kile kifaa cha vitufe anachochezea, mwambie akae atazame tu. Je, kuna kitu kimepotea? Kama hakuna, basi hiyo ni filamu ndefu, na filamu fupi ingemtosha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Brothers: A Tale of Two Sons ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Josef Fares. Ndugu wawili wanasafiri kumtafutia dawa baba yao mgonjwa. Kijiti cha kushoto cha padi kinamwendesha kaka, cha kulia kinamwendesha mdogo wake, vyote kwa wakati mmoja. Dakika za kwanza mikono inakanganyana, kaka anagonga ukuta huku mdogo anazunguka bila mpango. Baada ya saa moja mkono wako wa kushoto umekuwa kaka na wa kulia umekuwa mdogo. Mdogo anaogopa maji, hivyo kila penye mto wa kuogelea hujishikiza mgongoni mwa kaka yake. Karibu na mwisho unatakiwa kubonyeza kitufe ambacho umekibonyeza mara nyingi bila kukiwazia, na safari hii kinabeba uzito ambao hakuna sentensi ingeubeba. Sitasema kwa nini. Kizuri zaidi ni kwamba wahusika wanazungumza lugha ya kubuni isiyojulikana na mtu yeyote, kwa hiyo mtoto wa Koboko na mtoto wa London wanaanza wakiwa sawa. Inamalizika kwa saa tatu au nne. Hii ningempa mtu yeyote, hata mzazi ambaye hajawahi kushika padi.

Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 inafanya jambo hilohilo kwa njia ndefu na kali zaidi, na asiyependa kutobolewa hadithi aruke aya hii. Ni mwaka 1899 Marekani, nawe ni Arthur Morgan, jambazi katika genge la Dutch van der Linde. Mapema kabisa unatumwa kudai madeni. Mdaiwa mmoja, Thomas Downes, ni mkulima dhaifu anayekohoa. Ili kazi iendelee lazima umpige, na anapokohoa, damu inamrukia Arthur usoni. Unaondoka zako, unawinda, unapora treni, unasahau. Saa nyingi sana baadaye Arthur anaanza kukohoa, na daktari anamwambia ana kifua kikuu. Katika nchi kama yetu, ambako ni vigumu kumpata mtu asiyemjua yeyote aliyemeza dawa za TB miezi sita mfululizo, hakuna haja ya kueleza maana ya kikohozi kile, tena katika zama ambazo dawa haikuwepo. Hukupewa nafasi ya kumsamehe Downes. Hata hivyo, hatia unaihisi, kwa kuwa kidole kilichobonyeza kilikuwa chako. Filamu ingeweza kukuonyesha Arthur akimpiga mtu yule, ila isingeweza kukufanya uwe umesahau kwamba ulimpiga wewe.

Hapo linakuja suala la uchaguzi, ambalo ndilo linalowachanganya watu zaidi. Matangazo ya gemu hupenda kudai kwamba maamuzi yako yatabadilisha kila kitu. Mara nyingi si kweli, na wala si lazima iwe kweli. Chukua The Walking Dead ya kampuni ya Telltale, iliyotoka mwaka 2012 kwa sehemu tano. Wewe ni Lee Everett, mtu aliyekuwa akipelekwa gerezani siku maafa ya wafu wanaotembea yalipoanza, na unajikuta ukimlea Clementine, msichana mdogo asiyejua kama wazazi wake wako hai. Kila mtu akikuuliza jambo unapewa sekunde chache tu za kujibu. Waliocheza mara mbili hugundua kwamba njia kuu ni ileile, na wengine hukasirika wakidai wamedanganywa. Mimi siungi mkono hasira hiyo. Msimuliaji akisema Paukwa, sisi tunajibu Pakawa. Jibu letu halimwokoi fisi wala sungura, lakini bila hilo hadithi haisogei. Katika gemu ile, unachochagua ni aina ya mtu mzima utakayekuwa mbele ya mtoto anayekutazama na kuiga. Utamdanganya ili asiogope? Utamfundisha kushika bastola? Mwisho ukifika, mfumo wa malezi yako ndio unaokurudia, ingawa mahali mnapofika ni palepale kwa wote.

Zipo gemu ambazo uchaguzi wake unabadilisha mambo kwelikweli. Undertale ya Toby Fox ya mwaka 2015 inaweza kumalizwa bila kumuua kiumbe hata mmoja, na ukiua kisha ukaanza upya kwa kujuta, gemu inakumbuka ulichofanya. Lakini iliyonikaa rohoni zaidi ni Papers, Please ya Lucas Pope, ya mwaka 2013, na ningependa sana isomwe, natumia neno hilo kwa makusudi, na kila mtu aliyewahi kupanga mstari kwenye mipaka ya Malaba, Mpondwe au Elegu.

Katika Papers, Please wewe ni ofisa wa uhamiaji kwenye mpaka wa nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Kazi ni kukagua pasipoti, kulinganisha picha, tarehe, muhuri na uzito wa mtu, kisha kugonga muhuri wa kukubali au kukataa. Unalipwa kwa kila msafiri unayemhudumia ipasavyo. Jioni unagawa mshahara: kodi ya nyumba, chakula, kupasha nyumba joto, dawa. Nyumbani wapo mke, mtoto wa kiume, mama mkwe na mjomba. Ukifanya makosa unaonywa, kisha unakatwa pesa. Sasa anakuja mwanamume mwenye karatasi safi. Unampitisha. Anakuomba umhurumie mkewe anayefuata kwenye mstari. Mke anafika, kibali cha kuingia hana. Hakuna filamu inayoingia hapo, hakuna muziki wa huzuni. Kuna mihuri miwili mezani, saa inayokwenda, na mtoto wako anayeumwa. Gemu ina miisho 20, lakini hadithi halisi iko kwenye kasi ya mkono wako: kadiri unavyozoea kazi, ndivyo unavyoacha kutazama nyuso. Sisi tuliokaa upande wa pili wa dirisha lile, tukitazamwa na mtu asiyeinua macho, tunajifunza hapo jambo ambalo kulalamika peke yake hakutufundishi. Tangu mwaka 2022 inapatikana pia kwenye simu, na maandishi yake ni mafupi.

Kwa nini basi gemu hizi hazionekani vibandani? Si kwa sababu vijana wa Uganda hawapendi hadithi. Hii ni nchi ambayo VJ, yule anayekaa na maikrofoni akitafsiri filamu ya kigeni kwa Kiganda huku akiongeza maneno yake mwenyewe, ni nyota. Jina la VJ Jingo linajulikana kuliko la waigizaji wengi anaowatafsiri. Watu wanalipa ili wasimuliwe. Tatizo ni hesabu ya biashara. Mteja wa kibanda cha gemu hulipia mechi au muda. Mpira unaisha ndani ya dakika chache, wawili wanacheza, wengine wanangoja zamu na kutaniana, pesa inazunguka. Gemu ya hadithi inataka mtu mmoja, ukimya, saa kumi au arobaini, na kumbukumbu iliyohifadhiwa ambayo mteja wa jioni anaweza kuifuta bila kujua. Mwenye kibanda hana sababu ya kuiweka. Kama mashine ya kibanda ndiyo pekee unayoipata, muombe mwenyewe akufungulie akaunti yako kwenye PlayStation 4 (PS4), uende asubuhi siku za kazi wakati hakuna watu, na unakili hifadhi yako kwenye flashi kila unapoondoka. PS4 inaruhusu. Wengine wamemaliza gemu kubwa kwa mtindo huo.

Kwa ambaye hawezi kuachana na mpira, kuna mlango mdogo. FIFA 17, iliyotoka mwaka 2016, ilikuwa na sehemu iitwayo The Journey, inayomfuata Alex Hunter, kijana wa London mwenye babu aliyewahi kuwa mchezaji, na hadithi yake iliendelea hadi FIFA 19. Ukicheza vibaya kocha anakuweka benchi, na unavyojibu waandishi wa habari kunabadilisha jinsi anavyokutazama. Si hadithi ya kukesha, lakini kwa mchezaji wa FIFA ni njia nyepesi ya kuonja. Toleo la PS3 halina sehemu hiyo, usiuziwe.

Sasa lugha. Gemu nyingi kubwa zimeandikwa kwa Kiingereza, na hata aliyesomea Kiingereza tangu darasa la kwanza anachoka kusoma maandishi madogo chini ya skrini huku akikwepa mishale. Ndiyo maana Tales of Kenzera: ZAU ya mwaka 2024 ina nafasi ya pekee kwetu: inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Imetengenezwa na Surgent Studios, iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yuleyule aliyemtolea sauti mhusika Bayek katika gemu ya Assassin's Creed Origins. Salim aliibuni baada ya kufiwa na baba yake, na msiba huo ndio kiini cha kila kitu ndani yake.

Kijana Zuberi, katika mji wa siku zijazo uitwao Amani, amefiwa na baba. Baba amemwachia kitabu, na ndani yake kuna hadithi ya Zau, mganga kijana anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kupatana naye: nitakuletea roho tatu kubwa zilizokataa kuvuka, nawe unirudishie baba yangu. Zau anatumia barakoa mbili, ya Jua na ya Mwezi, na wewe unabadilisha kutoka moja hadi nyingine katikati ya vita kama mtu anayecheza ngoma. Hadi hapo ni gemu ya kuruka na kupigana kama nyingine, na kusema kweli baadhi ya mapigano yake yanajirudia. Kinachoitofautisha ni mibuyu. Njiani unakuta mbuyu, na Zau anaweza kuketi chini yake, kimya, akatafakari na kuzungumza kuhusu baba. Akinyanyuka uhai wake umeongezeka. Katika gemu nyingi uhai huongezwa kwa kuokota kitu au kuua kiumbe. Hapa unaongezwa kwa kukaa na huzuni bila kuikimbia. Mtu aliyewahi kukaa matanga, akawaona wazee wamekaa tu bila kusema neno, hatahitaji maelezo. Haizidi saa kumi. Inataka PS5, Xbox Series, Switch au kompyuta, na hilo ni gharama kubwa kwa wengi. Lakini kama una rafiki mwenye mojawapo ya hizo, hii ndiyo gemu ya kumwomba aazime sebule yake.

Wengi wetu, hata hivyo, mashine yetu ni simu. Usidhani simu ni ya kubahatisha tu na kupanga peremende. Florence ya mwaka 2018 inasimulia mapenzi ya msichana wa miaka 25 na mpiga selo aitwaye Krish, na inaisha ndani ya dakika arobaini hivi. Wanapokutana mara ya kwanza, ili azungumze unaunganisha vipande vya fumbo ndani ya puto la maneno, na vipande ni vingi. Wakizoeana vinapungua, mazungumzo yanatiririka. Wakigombana vipande vinakuwa na kingo kali na vinaingia haraka haraka mpaka unajikuta unashindana kumaliza kabla ya mwenzako. Hakuna neno lililoandikwa kwenye maputo hayo. Nimewahi kusoma maelezo marefu ya kwa nini watu waliopendana hugombana, na hayakunieleza zaidi ya vile vipande.

Kwenye simu hiyohiyo kuna This War of Mine ya kampuni ya Poland, 11 bit studios, iliyotoka mwaka 2014 na kuingia kwenye simu mwaka uliofuata. Katika gemu za vita kwa kawaida wewe ni askari. Hapa wewe ni raia waliojibanza kwenye nyumba iliyobomoka, ndani ya mji uliozingirwa. Watengenezaji walichota mengi kutoka kuzingirwa kwa mji wa Sarajevo, Bosnia, miaka ya 1990. Mchana mnaziba matundu na kupika. Usiku mmoja wenu anatoka kutafuta chakula. Kuna nyumba ya wazee wawili, mume na mke, wasio na silaha. Unaweza kuwaibia kila kitu bila hatari yoyote. Ukifanya hivyo, unarudi na chakula na dawa, kisha mtu wako anaanza kusononeka, anakataa kula, na huenda akashindwa kabisa kuinuka. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiweka miongoni mwa kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na katika makazi kama Nakivale na Kyangwali Kiswahili cha Kongo kinasikika kila upande. Kwa baadhi ya wasomaji hii haitakuwa burudani hata kidogo, na wana haki ya kuikwepa. Kwa sisi wengine ambao tumewazoea majirani hao hadi tukaacha kuwauliza walipita wapi, inafaa.

Hapa lazima nimtaje Lual Mayen. Alizaliwa familia yake ikikimbia vita vya Sudan Kusini na akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia laptopu, naye akawa anatembea mwendo wa saa kadhaa kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe, akatengeneza Salaam, gemu ambamo unamwongoza mkimbizi akikimbia, naye anahitaji maji, chakula na dawa ili afike penye amani. Mwaka 2018 alitunukiwa kwenye The Game Awards, tuzo za gemu zinazotolewa kule Marekani. Turudie kipimo chetu cha mikono: wazo lake lote limo kwenye kukimbia, na unapochoka kidole unaelewa kidogo.

Kuhusu gharama, nitasema machache. Diski zilizotumika za PS4 ni rafiki wa mtu mwenye kipato kidogo, kwa kuwa ukimaliza unabadilishana au unauza. Ukinunua PS5 isiyo na mdomo wa diski umeufunga mlango huo. Gemu za kupakua zinakula bando: Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta inahitaji nafasi ya GB 150, na tangu Julai 2021 data ya intaneti hapa inatozwa ushuru wa asilimia 12. Heri diski, au gemu ndogo. Uzuri wake ni kwamba gemu nyingi za hadithi, zikishaingia kwenye mashine, zinachezeka bila intaneti.

Majina makubwa mengine yana sifa za haki, ila yanahitaji kuambatana na onyo. The Last of Us ya mwaka 2013 inasimulia safari ya Joel, baba aliyepoteza binti, na Ellie, msichana ambaye Joel anatakiwa kumvusha nchi nzima. Kila penye ukuta mrefu unamnyanyua Ellie apande na kukuteremshia ngazi, mara nyingi hadi hilo linakuwa mazoea. Siku moja unasimama ukutani, unamwita, naye haji. Amekaa amezama kwenye mawazo. Ni jambo dogo sana, na linakuambia kila kitu kuhusu hali ya mtoto huyo. Lakini ni gemu ya watu wazima, imejaa ukatili, kama ilivyo ile ya Arthur Morgan. Alama ya 18 kwenye kasha haikuwekwa kama pambo, na mzazi mwenye watoto wadogo sebuleni asubiri walale. Disco Elysium ya mwaka 2019 huenda ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote nilizozitaja, ila ina maneno zaidi ya milioni moja, ya Kiingereza kigumu, na sioni busara ya kumwanzishia mtu hapo.

Ningeanza na Florence jioni moja, kisha Papers, Please kwa wiki nzima, kidogo kidogo. Brothers ingefuata, nikiwa na mtu pembeni, hata kama padi ni moja, maana wawili wanaweza kushika kila mmoja kijiti chake, mmoja awe kaka na mwingine mdogo. Baada ya hapo chagua kubwa moja tu na uimalize kabla ya kununua nyingine. Na kama bahati itakufikisha kwenye Kenzera, ingia kwenye mipangilio uweke sauti za Kiswahili kabla ya kubonyeza anza.